Ujiji Kwanza, Kigoma Baadaye

Mwanzoni mwa mwaka 1871, Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akizunguka kwa wafanyabiashara, akiuliza swali ambalo kila aliyetaka kwenda bara alilazimika kuliuliza: ushanga gani unapokelewa wapi? Waarabu na Wahindi waliokuwa wakipeleka bidhaa bara walimweleza mambo yaliyomvuruga kichwa. Ushanga mweusi ulinunua chakula Ugogo, lakini kwingine hakuna aliyeutaka. Ule mweupe ulipendwa Ufipa, ukadharauliwa Ukonongo. Zile shanga kubwa za sungomaji zilikuwa mali Ujiji na ng'ambo ya ziwa huko Uguha. Mahali pengine zilikataliwa. Msafiri aliyekosea hesabu angefika nusu ya njia akiwa na magunia ya mali isiyonunua hata kibaba cha mtama.

Akaambiwa pia kwamba doti kumi za nguo kwa siku zingetosha kulisha watu mia moja. Kwa hiyo kabla hajajua sura ya nchi, Stanley alijikuta akipiga hesabu za merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na idadi ya wapagazi wa kuzibeba. Ndivyo safari ya Ujiji ilivyopangwa katika karne ya 19. Ilianzia dukani, na ikaanza kwa kuwasikiliza waliokwisha kwenda.

Mgeni wa leo anayepanga siku mbili tatu katika mwambao wa Tanganyika hahitaji ushanga. Hata hivyo, naye ana hesabu yake, na kosa la kwanza la wageni wengi ni kuanzia mwisho. Wanashuka Kigoma mjini, wanakimbilia boti ya Gombe kuwaona sokwe, na Ujiji wanaitembelea kwa saa moja kabla ya kurudi uwanja wa ndege. Miji hii miwili, iliyotengana kwa kilomita kama nane na leo ni manispaa moja ya Kigoma-Ujiji, inaeleweka vizuri zaidi mtu akiifuata kwa umri wake. Ujiji uliundwa na msafara wa miguu na mtumbwi. Kigoma iliundwa na reli na meli. Na aliyeamua lini mmoja ushuke na mwingine upande, kwa sehemu kubwa, ni ziwa lenyewe.

Njia ya msafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe palipo Tabora ya leo, kisha ikashuka Uvinza kuelekea ziwani: zaidi ya kilomita 1,200. Wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Burton alikuwa mgonjwa kiasi cha kubebwa, na macho ya Speke yalikuwa yameathirika hata ziwa walilolifuata kwa miezi zaidi ya saba aliliona kama ukungu. Aliyekuwa akiwasaidia kuzungumza na watu njiani ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India kwa miaka mingi, kisha akarejea Afrika Mashariki. Bombay ndiye huyo huyo aliyeajiriwa na Stanley mwaka 1871, na baadaye na Verney Lovett Cameron aliyefika Ujiji Februari 1874. Stanley alipokuwa Unguja akiuliza habari za Ujiji, Bombay alikuwa ameshaiona miaka 13 nyuma.

Gharama kubwa ya njiani ilikuwa hongo. Kila mtawala aliyepitiwa nchi yake alidai nguo, na katika Uha madai yalifuatana kwa karibu hata Stanley akaona mzigo wake unayeyuka kabla hajafika. Akamlipa mtu wa kumwongoza, akatoka kijijini usiku na msafara wake wote, wakaiacha njia kuu na kupita porini kimya kimya hadi wakavuka mpaka. Waha hawakuwa na kosa katika hilo. Nchi ilikuwa yao, njia ilikuwa yao, na wafanyabiashara wa pwani walilipa kwa sababu walijua wangepita tena mwaka unaofuata. Stanley hakuwa na nia ya kurudi kwa njia ile.

Uvinza kulikuwa na utajiri uliotangulia misafara yote hiyo. Chemchemi za maji ya chumvi karibu na Mto Malagarasi zimekuwa zikichemshwa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wanaakiolojia waliochimba hapo katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi hiyo ya kale. Chumvi ya Uvinza ilisafiri kandokando ya ziwa na ng'ambo yake kabla ya pembe za ndovu kupata soko kubwa pwani. Kwa maneno mengine, wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliofika Ujiji katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 walikuta watu waliokwisha kuzoea kubadilishana mali.

Sokoni Ujiji hilo lilionekana wazi. Cameron aliliona soko la Kawele, sehemu ya mji iliyokuwa karibu na maji, likifunguliwa kila asubuhi na tena alasiri. Watu walileta samaki, mafuta ya mawese, ndizi, chumvi, mbuzi, nafaka, vyungu. Fedha ya hapo ilikuwa ushanga wa sofi, vipande vyenye tundu vilivyofanana na mrija wa kiko cha udongo uliovunjika. Soko lilipoanza, walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakiwabadilishia wanunuzi waliokuja na shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, watu wale wale walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji na kuwapa shanga walizotaka. Walipata faida asubuhi, wakapata faida tena wakati wa kufunga. Biashara ya kubadilisha fedha, anayoijua kila aliyevuka mpaka wa Burundi au Kongo, ilikuwa na wenyewe Ujiji zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Wenye nchi walikuwa Wajiji, jamaa wa Waha. Wafanyabiashara wa pwani walikaa kama wageni waliopata nguvu mwaka hadi mwaka. Mashuhuri kati yao alikuwa Mwinyi Heri, mtu wa Mrima aliyeongoza wafanyabiashara wa mji huo hadi alipofariki mwaka 1885. Baada yake jina lililotisha zaidi ziwani lilikuwa la Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyetokea Lindi. Alishika njia za pembe na watumwa kaskazini mwa ziwa hadi aliposhindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1894.

Watumwa hao ndio sehemu ya historia ambayo mgeni hapaswi kuiruka. Ujiji ilikuwa kivuko. Watu waliotekwa Manyema na kwingineko magharibi mwa ziwa waliletwa kwa mitumbwi na majahazi. Wengine walipelekwa Tabora na pwani, wengine wakabaki hapo hapo wakilima mashamba, wakivuta makasia, wakibeba mizigo. Wapo pia waliovuka kwa hiari yao kutafuta maisha. Vizazi vyao vilijenga mji uliokuja kujulikana kwa Uislamu wake, kwa tarika ya Kadiriya, na kwa Kiswahili kilichozoeleka mitaani mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Kisa kinachowaleta watalii wengi Ujiji ni cha siku moja tu. David Livingstone alirudi mjini hapo tarehe 23 Oktoba 1871 akitokea Nyangwe, alikoshuhudia wanawake na wanaume wakiuawa sokoni mwezi Julai. Alikuwa dhaifu na hana kitu. Shehena aliyotumiwa kutoka Unguja ilikuwa imeshauzwa na Sherif, mtu aliyekabidhiwa kuileta. Tarehe 10 Novemba, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, msafara wa Stanley uliokuwa ukimtafuta uliingia mjini kwa mlio wa bunduki na bendera ya Marekani mbele. Wa kwanza kumlaki Stanley alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, akamwamkia kwa Kiingereza. Susi na mwenzake James Chuma ndio ambao miaka miwili baadaye, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Mwembe unaosimuliwa kuwa wazungu hao walikutana chini yake ulikwisha kufa. Iliyopo ni miembe iliyopandikizwa kutoka kwake, na mnara wa mawe.

Anayesimama penye mnara huo hushangaa: maji yako wapi? Ziwa liko chini, mbali kidogo, na kati yake kuna nyumba na mashamba. Jibu lake ni mojawapo ya habari za kusisimua zaidi za mwambao huu. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, aliikuta minazi mitatu iliyokuwa sokoni mwaka 1871 ikiwa ndani ya ziwa, mita 30 hivi kutoka ukingoni. Ufuko wa mchanga aliozoea kutembea asubuhi na Livingstone ulikuwa umezama. Ziwa lilikuwa likipanda kwa sababu mlango wake wa pekee wa kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Cameron alikuwa ameuona mlango huo mwaka 1874. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kilivunjika. Mmisionari Edward Coode Hore, aliyefika Ujiji mwaka huo huo, alikwenda kuutazama Lukuga mwaka uliofuata, akaukuta unakimbia kwa nguvu. Ziwa likashuka kwa mita kama kumi katika muda usiofika miaka ishirini.

Bandari ya Ujiji ikaharibika. Ufuko wake ulikuwa wazi kwa upepo tangu zamani, na sasa maji yakawa yamekimbia na kuacha kina kifupi. Kaskazini kidogo kulikuwa na ghuba iliyojificha nyuma ya vilima, yenye maji marefu karibu na nchi kavu. Wajerumani, walioweka kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, waliona faida yake. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912. Februari 1914 ikafika ziwani, na haikuishia Ujiji. Iliishia Kigoma. Safari iliyokuwa ikila miezi ikawa ya siku chache, na mji uliopokea misafara kwa vizazi kadhaa ukawa jirani wa kituo cha treni.

Stesheni ya Kigoma bado imesimama chini ya mji, jengo jeupe lenye matao, kama hatua chache kutoka bandarini. Watanzania wameupa mji jina la mwisho wa reli. Ikulu ndogo ya Kigoma nayo ni jengo la Kijerumani, na inasimuliwa kwamba lilikusudiwa kumpokea Kaiser Wilhelm II atakapokuja kuifungua reli. Kaiser hakuja. Agosti 1914 vita vilikuwa vimeanza Ulaya, na mwezi huo huo vikafika ziwani.

Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungashwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilivuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni, na kuunganishwa upya Kigoma chini ya Anton Rüter na wenzake wawili kutoka kiwanda cha Papenburg kilichoijenga. Ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wakikaribia, mafundi waliipaka mitambo yake grisi kwa wingi na kuizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi. Waliipaka wakiamini iko siku mtu ataihitaji. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaikuta mitambo ingali nzima. Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kusini mwa ziwa.

Kwa takriban karne moja Liemba ilikuwa barabara kuu ya watu wasio na barabara. Ilishuka kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, na mitumbwi ikaja kuizunguka usiku kupokea abiria, magunia ya mahindi na mafungu ya dagaa. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga mpakani, meli hiyo iliyowahi kutumika vitani ndiyo iliyowasafirisha kuja Kigoma. Ilisimama mwaka 2018 kusubiri matengenezo makubwa, kwa hiyo mgeni anayeota kuipanda aulize bandarini kabla ya kuijengea ratiba yake.

Kongo nayo haijawahi kuwa mbali. Mkataba wa mwaka 1921 uliwapa Wabelgiji eneo lao katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo zipate njia ya kutokea. Aprili 1965 Che Guevara na kundi la Wacuba walivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo. Novemba mwaka huo walirudi kwa njia hiyo hiyo wakiwa wameshindwa.

Julai 1960 Jane Goodall alifika Kigoma akiwa na umri wa miaka 26. Wakuu wa serikali ya kikoloni walikuwa wamekataa aingie porini peke yake, kwa hiyo alikuja na mama yake, Vanne. Mpango wao ulikuwa kupita tu. Lakini Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, ghasia zikaanza, na mji ulijaa Wabelgiji waliovuka ziwa. Badala ya kwenda Gombe, mama na binti walijikuta wakisaidia kutengeneza mikate ya nyama ya kopo kwa maelfu ya vinywa, na kwa kukosa chumba wakapiga hema katika uwanja wa gereza. Tarehe 14 Julai walifika Gombe kwa boti ya serikali. Miezi michache baadaye Goodall alimwona sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa kutoka kichuguuni, na elimu ya wanyama ikabadilika. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Goodall alifariki mwaka 2025, na utafiti alioanzisha unaendelea.

Mgeni wa siku tatu anaweza kuipanga historia hii yote bila kukimbia. Siku ya kwanza iwe ya Ujiji, na asubuhi: makumbusho na mnara, kisha kushuka kwa miguu hadi ufukoni, kwani kuteremka huko ndiko kunakoonyesha ziwa lilikimbia umbali gani. Mafundi wa boti hufanya kazi hapo hapo kwenye mchanga. Fundi huketi ubavuni mwa boti mpya, akisokota pamba kwa vidole na kuipigilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, mshono baada ya mshono, hadi maji yakose pa kuingilia. Siku ya pili iwe ya Kigoma: stesheni, bandari, mtaa wa Mwanga kwa chakula cha migebuka, na mwalo wa Kibirizi ambako dagaa huanikwa. Siku ya tatu ni Gombe, kaskazini mwa mji, kwa boti inayotoka Kibirizi. Mwenye mafua asiende, maana sokwe huambukizwa maradhi ya binadamu na hufa kwayo.

Ratiba ya ziwa nayo iheshimiwe. Kuanzia Juni hadi Septemba hakuna mvua na njia za Gombe hazitelezi, ila kusi huvuma na kuyatikisa maji, hivyo safari za boti zipangwe kwa ushauri wa manahodha. Anayetaka kuona taa za wavuvi wa dagaa zikienea ziwani usiku asije wakati wa mbalamwezi, kwa sababu siku hizo taa haziwavuti dagaa na wavuvi wengi hupumzika. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kumeza fukwe na majengo ya ukingoni, kwa hiyo picha za zamani si mwongozo wa kutegemea kuhusu wapi pa kulala au kupandia boti.

Mabadiliko mengine yako njiani. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, na reli nyingine imepangwa kutoka Uvinza kwenda Burundi. Zikikamilika, wageni wataongezeka, na wengi wao watakuwa na haraka zaidi ya hawa wa leo.

Kama siku ni moja tu, itumike Ujiji. Gombe inataka muda, na stesheni inaweza kuonekana mtu akiwa njiani kuondoka. Ujiji mgeni aketi na wazee, awaamkie ipasavyo, asiharakishe, na akishasikia habari za Stanley na Livingstone aendelee kuuliza: Susi na Chuma, Bombay, Mwinyi Heri, wanawake waliouza samaki kwa sofi pale Kawele, watu waliovushwa kutoka Manyema na familia walizozianzisha katika mitaa hiyo. Wapo wajukuu na vitukuu vyao mjini, na ndio wenye sehemu ya historia ambayo vitabu vya wapelelezi wa Ulaya viliipita kwa mistari michache.